Mwalimu Anajibu: Shemeji wa Houston na Mabati ya Kadutu

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Mwezi uliopita, kama saa tisa za mchana, upepo uling'oa mabati sita ya nyumba yetu. Mawili tuliyakuta kwa jirani, manne hatujayaona mpaka leo. Kijana wangu anayesoma chuo kikuu akasema ni mabadiliko ya tabianchi, eti ndiyo yanayoleta vimbunga dunia nzima. Nikampigia shemeji yangu aliye Houston, Marekani, atusaidie kuezeka. Pesa alituma, aksanti kwa Mungu, lakini alimcheka kijana: vimbunga vilikuwepo tangu enzi za mababu, hayo mengine ni siasa. Na huyuhuyu shemeji mwaka 2017 maji ya kimbunga yalimwingia sebuleni mpaka kwenye makochi! Sasa hawasemezani. Nani ana haki kati yao? Na kimbunga kama kile cha kwao kinaweza kufika Bukavu?

JIBU: Mama, pole sana kwa mabati. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo jepesi: hapana, hakiwezi.

Lugha yetu inatuchanganya kidogo. Kile kivumbi kinachozunguka uwanjani na kubeba mifuko ya plastiki tunakiita kimbunga, ingawa wazee wa pwani wana jina lake, chamchela. Upepo wa mvua ya radi nao tunauita kimbunga. Na lile dubwana la baharini lenye upana wa mamia ya kilomita, linaloishi wiki nzima au zaidi, nalo ni kimbunga. Kilichochukua mabati yako ni hicho cha pili. Wingu la radi linapomwaga mvua, hewa ya baridi huporomoka pamoja nayo, ikafika chini na kutawanyika kwa kasi kama maji ya ndoo iliyomwagwa sakafuni. Kwa dakika kumi au ishirini inapiga mtaa wako, na mtaa wa pili wanaendelea kuanika nguo.

Kimbunga cha bahari chakula chake ni maji ya moto. Kinataka bahari yenye nyuzi joto 26 na nusu hivi au zaidi, tena joto lishuke mpaka makumi ya mita, si la juu juu tu. Mvuke unapanda, unageuka mawingu, na katika kugeuka unatoa joto linalovuta mvuke mwingine. Halafu lazima kipate kuzunguka, na msukumo huo kinaupata kwa dunia yenyewe kujizungusha. Karibu na ikweta msukumo ni hafifu mno, ndiyo maana kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya nyuzi 5 kutoka ikweta. (Kuna kimoja, Vamei, kilichozaliwa Desemba 2001 karibu na Singapore, nyuzi moja na nusu tu kaskazini ya ikweta, na wataalamu wakashika vichwa.) Sisi Bukavu tuko nyuzi mbili na nusu kusini, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Kimbunga kikipanda nchi kavu kinakuwa kama moto ulioondolewa kuni. Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania karibu na Mafia mwezi Mei 2024, kilififia palepale. Hapo Mama lala usingizi.

Sasa kijana wako na shemeji yako. Nitakuvunja moyo kidogo, kwa sababu kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitu cha kweli. Na ugomvi wao si wao walioanzisha. Wanasayansi wakubwa waligombana hivyohivyo, tena kwa ukali kuliko wao.

Mwaka 2005 ndio ulikuwa wa moto. Mapema Agosti, Kerry Emanuel wa chuo cha MIT alichapisha hesabu zake: tangu katikati ya miaka ya 1970, nguvu ambayo vimbunga vya Atlantiki na vya magharibi mwa Pasifiki vinatoa tangu kuzaliwa mpaka kufa imepanda sana, sambamba na joto la bahari. Majuma machache baadaye kimbunga Katrina kikauzamisha mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Septemba, Peter Webster na wenzake wakatoa lao: idadi ya vimbunga vyote duniani haijaongezeka, lakini vile vya daraja la 4 na la 5, vya juu kabisa, vimekaribia kuwa mara mbili ya vile vya miaka ya 1970 na 1980. Unaweza kuwaza magazeti yalivyofurahi.

Upande wa pili alisimama mzee William Gray wa Colorado, mtu aliyeanza kutabiri misimu ya vimbunga tangu mwaka 1984. Yeye alisema Atlantiki ina mizunguko yake, miongo ya joto na miongo ya baridi, na hii ni zamu ya joto, basi. Mwanafunzi wake wa zamani, Chris Landsea, alikuwa na hoja iliyonigusa mimi zaidi, nayo ni hoja ya daftari. Kabla ya setilaiti za miaka ya 1960, kimbunga kilichozaliwa katikati ya bahari kikafa bila kukutana na meli hakikuandikwa popote. Ukilinganisha daftari la zamani lenye mashimo na daftari la leo lenye kila kitu, utaona ongezeko, kumbe kilichoongezeka ni macho.

Shemeji wako kwa hiyo hajaokota maneno barabarani. Na hapo alipo, Texas, kuna mji wa Galveston ulio karibu na Houston. Septemba 1900 kimbunga kiliupiga, wakafa watu kama 8,000, na mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi hivyo Marekani. Mwaka huo magari yalikuwa ya kuhesabu. Karibu na kwetu, Aprili 1872, Zanzibar ilipigwa na kimbunga kilichoangusha mikarafuu na kuvunja majahazi. Nani wa kulaumiwa hapo, viwanda vya Sultani?

Lakini niwaambie kuhusu hoja ya daftari, maana nimeishi nayo.

Nilifundisha jiografia miaka 31. Uwanjani mwa shule tulikuwa na kipimamvua, mkebe wa shaba wenye faneli juu na chupa ndani, na kila siku saa moja asubuhi nilikuwa namimina maji ya chupa kwenye glasi yenye mistari, nasoma, naandika: milimita 12, milimita 0, milimita 31. Asubuhi moja ya Julai, katikati ya kiangazi, vumbi likiwa limejaa hata kwenye kope, nilikuta milimita 46. Nikageuka nyuma, wavulana wawili wa mwaka wa nne wamekaa chini ya mkaratusi wanajifanya kusoma Biblia. Nikaikata ile namba kwa biki nyekundu. Sawa, Julai niliwakamata. Je, mara ngapi walinimiminia maji mwezi wa Aprili, nikaandika bila wasiwasi? Sijui, na hatajua mtu. Landsea akisema namba za zamani zina walakini, mimi siwezi kumcheka.

Tofauti ni kwamba wenzetu walikaa wakafanya kazi. Walichambua tena picha za setilaiti za miaka 40 kwa kipimo kimoja, walisaka rejesta za meli, walipima pia athari ya moshi wa viwanda: Ulaya na Marekani zilipoisafisha hewa yao baada ya miaka ya 1970, jua lilipata njia ya kuichemsha Atlantiki zaidi, kwa hiyo sehemu ya ongezeko la huko si ya gesi joto, zile zinazoipasha dunia, wala si ya mzunguko wa mzee Gray. Mwaka 2021 jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, likaandika hivi, kwa maneno yangu: yaelekea vimbunga vikali, daraja la 3 mpaka la 5, vimechukua sehemu kubwa zaidi ya vimbunga vyote katika miaka 40 iliyopita. Kuhusu idadi ya jumla kwa muda mrefu, hawana hakika. Kijana wako akisema vimbunga vimekuwa vingi kila mahali, amepitiliza. Akisema vikali vinachukua nafasi ya vidogo, yuko pamoja nao.

Na kuna jambo ambalo ugomvi umepungua kabisa, nalo ni maji. Hewa ikiongezeka nyuzi joto 1, inabeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hiyo ni fizikia ya shuleni. Tukio la makochi ya shemeji yako mwaka 2017 lilikuwa kimbunga Harvey. Kilisimama juu ya eneo lile siku kadhaa bila kuondoka, na mahali fulani Texas mvua ilipita milimita 1,500. Hapa kwetu kiasi hicho kinakaribia mvua ya mwaka mzima! Timu moja ya watafiti ilikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia liliiongezea mvua ile kiasi cha asilimia 15, timu nyingine ikafika hadi 38. Chukua ile ndogo. Pale ambapo zingeanguka bidoni 100, zilianguka 115. Mfereji uliochimbwa kwa bidoni 100 hauna habari na tabianchi, unajua tu kwamba zile 15 hazina pa kwenda, zikaenda sebuleni. Kimbunga kingekuja hata hivyo, hapo shemeji yuko sawa. Ila nisingependa kubishana naye juu ya makochi.

Jambo la mwisho kuhusu hao wagomvi, ambalo watu wengi hawalijui. Julai 2006 wanasayansi 10 waliandika tamko la pamoja. Emanuel alikuwemo, Webster alikuwemo, Landsea alikuwemo, watu waliokuwa wanapigana hadharani. Walisema mjadala wetu wa joto usiwapotoshe: tatizo kubwa la sasa hivi ni watu na nyumba kuzidi kurundikana ufukweni, mahali pa hatari. Nikisoma vile nilikuwa nimekaa kwenye baraza yangu, mbele yangu mteremko mzima umejaa vijumba vilivyoning'inia kama kuku kwenye fito.

Maana hatari yetu sisi si kimbunga. Ni mvua na milima. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, mito ilishuka na mawe na miti juu ya Bushushu na Nyamukubi, tukazika watu zaidi ya 400. Watafiti wa World Weather Attribution walitaka kupima kama tabianchi ilihusika katika mvua zile za Ziwa Kivu, kwa njia zilezile zilizotumika Texas. Wakashindwa kutoa jibu, kwa sababu takwimu za vituo hazikutosha. Houston wanagombana kama ni 15 au 38. Sisi hatuna hata namba ya kugombania.

Daftari langu lenyewe najua lilikoishia. Nilipostaafu niliacha madaftari yote 31 kwenye kabati la shule. Miaka miwili baadaye nilinunua karanga pale Nyawera, nikamaliza, nikakunjua karatasi: mwandiko wangu, wino wa bluu, Machi, tarehe 9, milimita 38. Nikamrudia yule mama muuzaji kumwuliza kama anazo nyingine. Alikuwa amebakiwa na mbili, nikanunua karanga zote mbili.

Kwa hiyo, Mama, umwombe kijana aandike siku na saa mabati yalipong'oka, na aweke kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, mbali na paa na mti, apime kwa rula kila asubuhi. Shemeji atamtumia glasi yenye mistari kutoka Houston, huenda wakaanza kusemezana hapo. Na mafundi wapigie misumari ya mabati mapya karibu karibu, hasa pembeni mwa paa, kwa maana upepo huanzia hapo kufunua.

SWALI: Mwalimu, kimbunga kilichoua ndugu zetu Malawi mwaka 2023 kiliitwa Freddy. Mume wangu ni Freddy, na kwenye mtumbwi wa kwenda Idjwi wanamtania mpaka anakasirika. Nani anachagua majina haya?

JIBU: Ofisi za hali ya hewa, kutoka kwenye orodha iliyotayarishwa mapema kwa alfabeti. Freddy kilizaliwa Februari karibu na Australia, kikapewa jina huko, kikavuka Bahari ya Hindi yote na kukaa hai siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kupimwa. Atlantiki walikuwa wanatumia majina ya wanawake peke yake tangu 1953, wanaume wakaingizwa mwaka 1979 baada ya akina mama kulalamika, na walikuwa na haki. Jina likiua watu wengi huondolewa orodhani, kama Katrina na Harvey. Mumeo awaambie hao wa mtumbwini watazame kwanza orodha ya mwaka ujao, huenda nao wamo.