Maswali ya Wasomaji: Amplifaya kwa Hedifoni Zinazodai Nguvu

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni fundi mitambo wa kikundi kidogo cha taarab hapa Mombasa, na kazi ya kuchanganya sauti huifanyia nyumbani usiku, watoto wakishalala. Juzijuzi nimenunua hedifoni za Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250, zilizotumika lakini nzima. Nikizichomeka kwenye simu au kompyuta, nyimbo za Bongo Fleva zasikika vizuri kwa kiasi chake, lakini rekodi zangu mwenyewe ambazo bado hazijakamilika ni hafifu hata nikifungua sauti hadi mwisho. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue amplifaya ya wati 2, na rafiki yangu ashikilia kwamba hedifoni za omu nyingi haziridhiki ila kwa amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani. Nimfuate nani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kabla hujamfuata yeyote, tazama namba mbili katika maelezo ya hedifoni zako. Ya kwanza unaijua: omu 250, yaani impedansi, ukinzani wa hedifoni dhidi ya umeme. Ya pili, ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuisoma, ni unyeti, yaani kiasi cha sauti kinachotoka kwa kiasi fulani cha umeme. Kwa DT 990 Pro unyeti ni desibeli 96 kwa miliwati 1. Omu peke yake haikuambii kama hedifoni ni ngumu au nyepesi kusukuma. Hukuambia tu ni umeme wa namna gani zinazoutaka: omu zikiwa nyingi hudai volti zaidi, zikiwa chache hudai mkondo zaidi.

Nguvu ya umeme ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu. Kwa hiyo miliwati 1 katika omu 250 hupatikana kwa volti 0.5, na hapo hedifoni zako hutoa desibeli 96. Kila mara volti zinapoongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 6, basi volti 1 itakupa desibeli 102, volti 2 zitakupa 108, na volti 2.5 zitakufikisha kwenye 110. Hicho cha mwisho ndicho kiwango ninachokichukua kama dari ya vilele vya muziki, yale mapigo ya ghafla ya dumbaki au kikomo cha sauti ya mwimbaji anapoipandisha, wala si kiwango cha kusikiliza kwa mfululizo.

Simu nyingi, pamoja na vile vijiadapta vya USB-C, hutoa kati ya volti 0.5 na volti 1. Wewe basi unapata desibeli 96 hadi 102 kwenye kilele, na kwa nyimbo za Bongo Fleva hizo zinatosha, kwa sababu nyimbo hizo zimebanwa studioni hata sauti ya wastani ikakaribia kilele chenyewe. Rekodi yako ya taarab haijabanwa. Ikiwa wastani wake uko desibeli 25 chini ya kilele, basi kwenye simu ya volti 0.5 utasikia wastani wa desibeli 71 tu, na hapo feni ikizunguka na dirisha likiwa wazi, kanuni na fidla zitamezwa. Hedifoni zako hazina ubovu wowote. Unachokosa ni volti moja na nusu au mbili.

Sasa tumrudie muuzaji wako. Wati zinazoandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi kubwa, kwa kawaida zimepimwa kwa omu 32 au hata 16, wala si kwa omu 250 zako. Amplifaya yenye kutoa wati 2 katika omu 32 hutoa volti 8, zaidi ya mara tatu ya unazozihitaji. Yenye kutoa miliwati 200 tu katika omu 32, ambayo dukani itadharauliwa, hutoa volti 2.5 na ushei, na hizo ndizo hasa ulizokuwa ukizitafuta. Hata hivyo, wati nyingi haziziharibu hedifoni zenyewe ukiwa mwangalifu. Tatizo lake ni kwamba kitufe cha sauti utakiacha daima mwanzoni kabisa mwa mzunguko wake, mahali ambapo vitufe vya bei nafuu huupa upande wa kushoto na wa kulia sauti zisizolingana. Na kwa mtu anayepanga waimbaji kushoto na kulia, hilo ni kosa kubwa kuliko uhafifu. Ukiona amplifaya ina swichi ya ukuzaji wa chini na wa juu, nunua hiyo, uanze na wa chini. Na muulize muuzaji namba ya omu 250 au 300. Asipoijua, karatasi ya maelezo itaijua.

Lakini kabla hujatoa fedha mfukoni nina neno. Wewe unarekodi, kwa hiyo bila shaka una saundikadi, kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, na barua yako haikuitaja. Tafuta katika maelezo yake kiwango cha juu cha tundu la hedifoni, ambacho mara nyingi huandikwa kwa dBu, yaani volti zilizoandikwa kwa hesabu ya desibeli. Sifuri ya kipimo hicho ni volti 0.775, palipoandikwa +7 dBu pana karibu volti 1.7, sawa na desibeli 107 kwa hedifoni zako, na palipoandikwa +10 dBu pana takriban volti 2.45, na hapo safari ya dukani imekwisha kabla ya kuanza. Huenda miezi yote hii amplifaya unayoitafuta imekuwa mezani pako ikisubiri plagi kubwa ya milimita 6.35.

Rafiki yako naye ana nusu ya ukweli. Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zina impedansi kubwa ya kutolea, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la sauti, mara nyingine omu mia na zaidi, ndiyo maana hupatana na hedifoni za omu 250, 300 au 600 na hukwaruzana na za omu 32. Wapo wapenzi wa muziki wanaozipenda kwa haki. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba impedansi ya amplifaya isizidi sehemu moja ya nane ya impedansi ya hedifoni. Kwako ni kama omu 31. Ikizidi hapo, kwa vile omu za hedifoni za koili kama zako, ambazo utando wake husukumwa na koili ya waya, hupanda zinapofika kwenye mlio wao wa asili wa besi, besi nayo itapanda pamoja nazo. Kwa msikilizaji anayejistarehesha barazani huo ni utamu tu. Kwa fundi anayechanganya sauti, ni chombo kinachomdanganya: utaipunguza besi ambayo kwa hakika haikuzidi, kisha harusini watu watauliza limekwenda wapi gitaa la besi. Kwa kazi yako chukua ya transista yenye impedansi chini ya omu 2.

Jambo moja usilitarajie kwa amplifaya yoyote, ya valvu au ya transista, ni kwamba itaulainisha ule ukali wa sauti za juu ambao DT 990 zinajulikana nao. Huo umo ndani ya hedifoni zenyewe. Ukiona sauti ya «s» ya mwimbaji inachoma, punguza kidogo kwa ikwalaiza ya kusikilizia, wala usiipunguze katika rekodi. Tena, ukishapata nguvu ya kutosha, kumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mtu mzima kuwa desibeli 80 za wastani kwa saa 40 kwa wiki, na fundi mitambo huzimaliza saa hizo upesi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Muscat. Nimeuziwa hedifoni za HiFiMAN HE-6, na aliyeniuzia alisema kwamba kwa kuwa ni za omu 50 tu, ni nyepesi na simu itazimudu. Simu haizimudu. Je, nimeibiwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Hukuibiwa, umeuziwa na mtu aliyesoma namba moja akaifunga karatasi. HE-6 ni za sumaku bapa, yaani utando mwembamba wenye nyaya zilizotandazwa kati ya safu za sumaku, na unyeti wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Ili zifike kwenye dari ileile ya desibeli 110 niliyomwekea msomaji wa Mombasa zinahitaji takriban miliwati 447, yaani volti 4.7 pamoja na mkondo wa miliampea 95 hivi.

Zilinganishe na DT 880 za omu 600, ambazo watu huziogopa kwa ile namba yake kubwa. Unyeti wake ni desibeli 96, kwa hiyo kwa dari hiyohiyo zinataka volti 3.9 na miliampea zisizofika 7. Volti za hedifoni hizi mbili hazipishani sana, lakini mkondo unapishana karibu mara kumi na tano, na mwenye omu chache ndiye mlafi. Amplifaya ndogo inayokwenda kwa umeme wa USB inaweza kuzilisha za omu 600 vyema kabisa, kisha ikapasua sauti kwenye zako mara tu ngoma inapogongwa, kwa sababu mkondo umeiishia.

Kwa hiyo katika maelezo ya amplifaya usitafute omu 300 wala 600, tafuta namba ya omu 32 na ya omu 50 au 64. Mimi kwa HE-6 ningetaka wati 1 halisi katika omu 50, ili ibaki akiba. Hapa ndipo zile wati 2 za muuzaji wa Mombasa zingekuwa mahali pake. Impedansi ya kutolea haitakusumbua sana kwani omu za sumaku bapa hazipandi wala kushuka kadiri sauti inavyobadilika, lakini amplifaya ya valvu isiyo na transfoma iache: impedansi yake itaishia kula nguvu yenyewe.

Utasikia pia ushauri wa kuziunganisha na amplifaya ya spika. Si uzushi. Hedifoni za AKG K1000, zenye unyeti wa desibeli 74 tu, zilikusudiwa kusukumwa na amplifaya za spika, na wenye HE-6 wengi wamefuata njia hiyo. Ila chunga sana jambo hili: katika amplifaya nyingi za kisasa za daraja la D, zinazokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, waya hasi wa kushoto na wa kulia si ardhi, nao pia hubeba sauti. Plagi ya kawaida ya hedifoni yenye sehemu tatu huziunganisha hasi hizo mbili pamoja, na amplifaya huungua papo hapo. Ukitaka njia ya spika, waya wako lazima uwe na nyuzi nne zilizotengana tangu sikioni hadi kwenye amplifaya, na kitufe cha sauti kiwe chini kabisa kabla ya kuwasha, kwa sababu amplifaya ya wati 50 inaweza kuunguza nyaya za utando na kuumiza masikio kwa pigo moja.

SWALI: Mhariri, dada yangu anarudi Nairobi kutoka Marekani na ameahidi kuniletea amplifaya ya hedifoni. Je, itafanya kazi na umeme wetu? Pia, fundi wa mtaani anasema anaweza kunitengenezea ile inayoitwa O2.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mwombe dada yako asome maandishi madogo kwenye adapta yenyewe. Yakisema 100–240V, hakuna shida. Yakisema 120V peke yake, hiyo mara nyingi ni transfoma nzito inayotoa AC (umeme geu, kama wa ukutani), na kwa umeme wetu wa volti 240 itaungua baada ya dakika chache. Naijua harufu yake, maana niliichomeka moja hivyo asubuhi ya Idi mbele ya wageni. Amwombe muuzaji adapta ya volti 230 ya kifaa hichohicho, na usikubali kupewa ya DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) eti kwa sababu plagi inaingia.

Kuhusu O2, fundi wako anasema kweli. Ramani yake ilitolewa bure mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye jina lake halisi halikuwahi kujulikana. Impedansi yake ya kutolea ni kama nusu omu, hutoa takriban volti 7, na katika omu 600 hufikia miliwati 88. Nayo hutaka adapta ya AC, kwani umeme wa pande mbili, chanya na hasi, inaoutumia huutengeneza yenyewe. Ukiipa DC itapata upande mmoja tu. Ina nafasi ya betri mbili za kuchaji za volti 9, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kusikiliza. Mwambie fundi aweke ukuzaji wa mara 2.5 badala ya mara 6.5, ikiwa utaiunganisha na kompyuta. Akishamaliza, kabla hujaweka hedifoni, apime volti za DC kwenye tundu la kutolea sauti: milivolti chache ni sawa, lakini akisoma volti nzima kuna kijenzi kilichowekwa vibaya, na hedifoni zitaungua kimyakimya.