Ukikagua kingo za chuma barabarani, pima kilichoko nyuma yake

Mwaka wangu wa kwanza wa ukaguzi wa usalama barabarani, kila nguzo ya umeme iliyokuwa nyuma ya kingo za chuma niliiandikia neno moja: "imelindwa". Mhandisi aliyekuwa akinifundisha kazi alisoma fomu zangu, akanirudisha barabarani na futikamba. Nguzo ya kwanza ilikuwa sentimita 45 tu kutoka uso wa chuma. "Ukingo huu ukigongwa utarudi nyuma kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nguzo zote nikazikagua upya.

Wadogo zangu mnaoanza, ukingo wa chuma si ukuta. Umetengenezwa ili ujipinde. Gari likiugonga, bati lake la mawimbi linavutika, vijiti vyake vifupi vya chuma vinavyoshikilia bati vinalala, na kulala huko ndiko kunakopunguza kishindo kwa waliomo ndani. Kwa hiyo nyuma yake lazima pawe na nafasi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1317 huipima nafasi hiyo kuanzia uso wa ukingo unaotazama barabara, kabla haujagongwa, hadi mahali pa mbali kabisa ukingo unapofika wakati wa kugongwa. Nafasi hiyo hupangwa kwa madaraja yanayoanza W1, ambayo ni mita 0.6, hadi W8, mita 3.5. W4 ni mita 1.3. Sasa weka ukingo wa W4 mbele ya ile nguzo yangu ya sentimita 45. Chuma kitajikunja kuizunguka nguzo, na gari litanasa kwenye kona hiyo badala ya kuteleza na kurudi barabarani.

Ukipewa cheti cha majaribio, usiishie kwenye herufi. Uliza W hiyo ilipatikana kwa gari gani. Ukingo wa N2, daraja linaloonyesha uwezo wake wa kuzuia gari, hujaribiwa kwa gari dogo la kilo 1,500, mwendo wa kilomita 110 kwa saa, pembe ya nyuzi 20. Ule wa H2 hujaribiwa kwa basi la tani 13, kilomita 70 kwa saa. Kwenye mteremko kama Kitonga, mwamba upande huu na bonde upande ule, malori yakipita usiku na mchana, cheti cha gari dogo hakinitoshi. Tena lori huinama juu ya ukingo: chini chuma kimelizuia, juu kichwa chake kimeshavuka. Nguzo ya bango kubwa au ya daraja la waenda kwa miguu ipimwe kwa kuzingatia kuinama huko.

Tazameni pia mbele ya ukingo. Jiwe la kando likiwa hatua chache kabla ya chuma, tairi hulipanda na gari likaruka juu ya bati. Lami mpya nayo ikimwagwa juu ya ya zamani bila kuinua kingo, chuma kinabaki kifupi.

Ukikuta kitu kiko karibu mno, kwanza uliza kama kinaweza kuondolewa au kusogezwa. Kuongeza vijiti ili ukingo uwe mgumu ni hatua ya baadaye, na ugumu uanze taratibu mita kadhaa kabla ya kitu chenyewe. Ukianza ghafla, umetengeneza kona nyingine ya kunasia gari.

Kitu kinachoniuma zaidi hakimo kwenye fomu nyingi: watu. Abiria hukaa juu ya kingo wakisubiri basi. Akina mama hupanga ndoo za nyanya nyuma yake, bodaboda huegesha hapo hapo, wote wakiamini chuma kinawakinga. Nafasi ile ya mita 1.3 ndiyo waliyokalia. Mimi huwaandika kama ninavyoandika nguzo, na umbali wao, kisha napendekeza kituo na eneo la biashara vihamishwe. Ukaguzi wa Jumatatu asubuhi hautawaona, kwa hiyo rudini siku ya gulio, jioni, na futikamba mkononi.