Shangazi, tuhame kabla au baada ya Krismasi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Tumepanga Tabata na mkataba unaisha Desemba 31. Mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, haongezi hata siku moja. Tumepata nyumba Kinyerezi, iko tupu, kodi ya miezi sita tumelipa na dalali tumempa chake. Mume wangu ni wa Rombo, anataka twende kwao tarehe 20, turudi 30, tuhame 31. Nikisema tuhame kwanza, anajibu kwamba tutaibiwa tukiwa hatupo. Nifanyeje?
Mama Junior, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Wachaga na Desemba nawajua, nimeolewa Machame. Tarehe 20 hataibadili, usipoteze nguvu hapo. Gombania siku ya kuhama.

Hiyo 31 ifuteni. Basi likiharibika njiani mnashuka Mbezi usiku wa manane na watoto, na asubuhi mtu anataka funguo zake. Dereva wa kirikuu naye ana kwao. Atakayebaki mjini siku hiyo bei anapanga yeye. Hameni siku tatu nne kabla ya safari, alfajiri, magodoro yakiwa ndani ya nailoni maana vuli haiaminiki.

Ila kwenye wizi mumeo ana hoja. Nyumba ya watu waliohamia juzi, giza siku kumi, kila mpita njia anaiona. Siku hiyohiyo ya kuhama nendeni wote wawili kwa mjumbe mkajitambulishe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Jirani wa ukuta mmoja mwachieni namba ya simu. Mwiteni fundi abadilishe vitasa, kwani hamjui wapangaji waliopita walichongesha funguo ngapi. Tivi na mtungi wa gesi vikalale kwa ndugu. Halafu tafuteni kijana wa familia alale hapo, na mumnunulie mchele na nyama ya sikukuu. Msimwachie funguo na ahadi tupu. Dalali atawaletea "kijana mwaminifu" wa kulinda. Mshukuruni, mkatae.

Umeme: uniti zitakazobaki Tabata hazihamishiki, zinabaki na mita ya pale, kwa hiyo kuanzia leo nunueni kidogo kidogo. Kinyerezi wekeni kwanza LUKU ya hela ndogo na msome makato. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na nyumba iliyokaa tupu inaweza kuwa na malimbikizo ya miezi kadhaa. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yenu. Tunzeni ujumbe wa simu mkamdai.

Tabata lipeni bili ya maji, pigeni picha kila chumba, makabidhiano yawe ya maandishi. Vyombo msihangaike kuvipanga, toeni sufuria mbili na shuka basi. Nani anakuja kuwakagua?

Sasa maneno ya kumwambia mumeo, na uyaseme akiwa ameshiba: tukihama kwanza hatuna sababu ya kukimbilia Dar tarehe 30, Mwaka Mpya tunausherehekea kwa mama. Mrombo gani atakataa? Akikubali tu, kateni tiketi za kurudi za tarehe 2 au 3 Januari, kabla wenye watoto wa shule hawajazimaliza.