Yangeyange wangu wanaungua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumamosi niliwapiga picha yangeyange kwenye majaruba ya mpunga Mabogini. Wote wametoka weupe pe, hakuna hata unyoya unaoonekana. Nikipunguza mwanga kwenye kompyuta wanakuwa wa kijivu. Kamera mbovu?
– Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Kamera nzima, ila imedanganywa na tope. Inapima jaruba lote, inaona giza, inaongeza mwanga. Ndege mweupe katikati anaungua, yaani anapata mwanga kupita kiasi mpaka anabaki weupe mtupu. Kilichoungua hakina unyoya wa kurudishwa, ndiyo maana unaambulia kijivu.

Tafuta kitufe chenye alama ya +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga, shusha hadi -1. Tope litakuwa jeusi mno. Liache, utang'arisha sehemu za giza baadaye kwenye kompyuta. Washa lile onyo la kamera linalopepesa sehemu zilizoungua: mgongo wa ndege ukipepesa, shusha tena. Hifadhi faili ghafi (RAW), lenye kila kilichonaswa na kamera; JPEG imebanwa, akiba yake ya kuhariri ni ndogo. Kasi ya kufyatua iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi, maana yangeyange akidokoa chura shingo huioni.

Nenda saa 12 na nusu asubuhi, uchuchumae ukingoni, lenzi iwe usawa wa jicho lake. Mwaka jana nilichuchumaa vibaya nikatumbukia mferejini hadi kiunoni, kamera juu ya kichwa. Mwenye shamba alicheka mpaka akaangusha jembe. Lakini picha ya siku ile ninayo: miguu myeusi, vidole vya njano vikitoka majini, tope likidondoka. Kwenye kuhariri sikumng'arisha. Ule unjano wa asubuhi mgongoni nimeuacha.