Umepata nani kwenye droo?

Karatasi ya droo, ile inayoonyesha nani atacheza na nani, hubandikwa ukutani karibu na baa ya klabu yetu ya tenisi, chini ya taa inayowaka ikitaka, na mtu wa kwanza kuisoma huwa ni yule anayejidai hana haja nayo. Mwaka ule, kwenye mashindano yetu ya kiangazi, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipita kama ninayekwenda kunawa mikono, nikatupa jicho, nikaona jina la mashoto liko chini kabisa na langu liko juu. Maana yake hatuwezi kukutana ila kwenye fainali. Niliporudi mezani niliwanunulia watu wawili soda bila wao kujua sababu.

Mashoto ni jina alilopewa na watu wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa mwingine wa hapa. Tulianza pamoja, tukiokota mipira ya wakubwa kwa franka chache, na jua likizama tunaachiwa uwanja wa mwisho, ule uliotandazwa udongo wa kichuguu, tucheze kwa mipira iliyonyonyoka manyoya yote. Servisi yake ikitua kwenye bakhendi yako, upande unaopiga kwa nyuma ya mkono, inatoroka nje kama mbuzi aliyekata kamba. Tukicheza mechi kumi, nashinda mbili. Labda tatu, kama amelala vibaya.

Nimeulizwa swali hili mara nyingi na vijana ninaowafundisha siku hizi: je, wachezaji wakubwa wa dunia wanapenda kukutana na mpinzani mkali, au wanapenda njia laini ya kwenda kwenye kombe? Kuna jibu linalopendwa sana, kwamba bingwa wa kweli humtaka mkali. Ninawaheshimu wanaosema hivyo, ila naona wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya karatasi ya droo.

Mchukue Roger Federer wa Uswisi. Mwaka 2006, 2007 na 2008 alifika fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Paris, na mara zote tatu Rafael Nadal wa Hispania akamrudisha nyumbani mikono mitupu. Ile ya 2008 iliisha 6-1, 6-3, 6-0, matokeo unayoyategemea kati ya mwalimu na mwanafunzi, si kati ya namba moja na namba mbili wa dunia. Halafu tarehe 31 Mei 2009, raundi ya nne, Robin Söderling wa Sweden akamtoa Nadal, mtu ambaye hakuwa amepoteza hata mechi moja pale tangu alipokanyaga mara ya kwanza mwaka 2005. Mlango ukabaki wazi.

Na mlango ule ulikaribia kumbana Federer vidole. Kesho yake tu alicheza na Tommy Haas. Seti ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Seti ya tatu Haas anaongoza 4-3, servisi ni ya Federer, na hesabu ni 30-40. Haas akiipata pointi hiyo, gemu inayofuata anaserve kumaliza mechi. Federer akaizunguka bakhendi yake, akafungua forihendi, mpigo wa kiganja mbele, kwa mshazari, mpira ukatua pembeni karibu na mstari. Nimeutazama mpigo huo kwenye simu mara nyingi hata mke wangu anaujua, na yeye tenisi haimhusu. Federer akachukua seti tatu zilizobaki, akamtoa del Potro kwa seti tano kwenye nusu fainali, akamfunga Söderling fainali kwa seti tatu kavu. Likawa kombe lake la 14 la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya mwaka, akalingana na Pete Sampras wa Marekani, na la Paris hakulipata tena. Hakuna mahali kwenye kombe lile palipoandikwa kwamba Nadal hakuwepo.

Kwa hiyo nikikushauri, naanza hapa: siku ya mashindano, mkali akiangukia upande mwingine, au akatolewa na mtu mwingine, pokea. Usione aibu. Mchezo wenyewe umejengwa hivyo. Droo ya Grand Slam ina wachezaji 128, na 32 kati yao hupewa namba ili wasikutane wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Namba moja na namba mbili hawaonani mpaka fainali. Huo ni mshahara wa kazi waliyoifanya mwaka mzima, na sijasikia hata mmoja akiurudisha.

Ukishuka ngazi za chini ndio usiseme. Kuna mashindano ambayo zawadi yote, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Kijana wa namba ya mia nne hupekua orodha za waliojiandikisha wiki hii, akitafuta mji ambao wakali wachache wamekwenda. Pointi za ulimwengu hazisemi ulizipata kwa nani. Kuna kodi ya nyumba, kuna tiketi ya ndege, kuna nyuzi za raketi. Ukimcheka huyo, basi umlipie wewe tiketi.

Sasa nirudi kwenye mashindano yetu, maana soda zile nilizilipa mara mbili.

Mashoto hakufika fainali. Alitolewa nusu fainali na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, umri umepita 60, bendeji kwenye goti la kulia, kofia ya kitambaa iliyopauka. Niliposikia, sitadanganya, nilianza kuwaza nitaliweka wapi kombe. Fainali ikachezwa Jumapili ya Agosti, upepo ule wetu wa vumbi jekundu unaoingia mpaka kwenye meno. Lubumbashi iko juu, mita zaidi ya 1,200, mpira hukimbia kuliko unavyotaka, na anayepiga kwa nguvu lazima awe na breki. Mzee hakupiga kwa nguvu hata mara moja. Kila mpira aliukata chini, ukafika kwangu hauna uhai, nami nikalazimika kuupa uhai mwenyewe. Nikisogea mbele ananirushia juu. Nikirudi nyuma ananiwekea mfupi unaofia karibu na wavu, kisha anainua mkono na kusema, "Pole, mwanangu."

Pole mwanangu! Niliisikia labda mara kumi na tano siku ile. Ya kumi na tano ilinifanya nipige raketi chini, nikazomewa na watoto wa kuokota mipira, wale wale ninaowafundisha heshima.

Seti ya kwanza nilichukua 6-3. Ya pili akaongoza 3-1, na hapo ndipo nilipojua kuna kitu sina. Mwili ulikuwa mzima. Pumzi zilikuwepo. Nilikuwa nimesahau namna ya kuwa nyuma. Tangu Februari nilikuwa namkwepa mashoto mazoezini: leo nina kazi, kesho mtoto ana homa, keshokutwa uwanja umelowa. Nilicheza na watu ninaowashinda. Ukicheza na hao, ukikosea pointi, inayofuata inakurudishia deni. Hujawahi kukaa gemu nne ukiwa chini na kujiuliza unabadilisha nini. Mashoto ndiye aliyenifundisha kuwa nyuma, kwa sababu mbele yake sikuwa na mahali pengine pa kukaa. Miezi sita bila yeye na elimu hiyo ilikuwa imenitoka kabisa. Nilipoteza 6-4, 6-4 seti mbili za mwisho. Mzee akanikumbatia wavuni na kuniuliza kama nimekula.

Wakubwa nao yamewapata, kwa kipimo chao. Wimbledon 2023, Ons Jabeur wa Tunisia alipita njia ya miiba: alimtoa Petra Kvitova, akamtoa Elena Rybakina aliyekuwa bingwa mtetezi na aliyemshinda fainali ya mwaka uliotangulia, akamtoa Aryna Sabalenka nusu fainali. Bara zima tulikaa mbele ya runinga. Fainali akampata Marketa Vondrousova, ambaye hata hakuwa kwenye wale 32 wenye namba, na kabla yake hakuwahi mwanamke wa namna hiyo kuchukua Wimbledon. Karatasi ilisema kazi ngumu imekwisha. Jabeur akafungwa 6-4, 6-4, akalia mbele ya ulimwengu. Sitadai najua kilichokuwa moyoni mwake. Najua tu kwamba mbele ya Sabalenka hakuna aliyemwambia lazima ushinde, na mbele ya Vondrousova sote tulimwambia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouliza swali kama chaguo la mawili. Kwa kadiri ninavyoona, mchezaji mkubwa humtaka laini Jumapili ya fainali na mkali Jumanne ya mazoezi. Tatizo letu sisi wa chini ni kwamba tunamtaka laini siku zote saba.

Mabingwa wa zamani Chris Evert na Martina Navratilova walikutana mara 80, na 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Walianza kama marafiki, wakachukua pamoja Wimbledon ya wawili wawili mwaka 1976. Kisha ikafika miaka Navratilova akamshinda Evert mara 13 mfululizo. Hebu fikiria: 13. Mtu wa kawaida angeanza kupanga ratiba ya kumkwepa. Evert aliacha raketi ya mbao aliyokulia nayo, akaingia kwenye mazoezi ya nguvu ambayo zamani hakuyajali, na mwaka 1985 fainali ya Paris akamshinda 6-3, 6-7, 7-5. Mwaka uliofuata akamshinda tena pale pale. Mwisho wa hesabu Navratilova ana 43, Evert 37, na kila mmoja makombe 18 ya Grand Slam ya mchezaji mmoja. Bila Martina, huenda Evert angekuwa na makombe zaidi. Sioni angeupata wapi mchezo ule wa 1985.

Na Jannik Sinner mwaka 2025. Alipofungwa na Carlos Alcaraz kwenye fainali ya US Open, alisema mwenyewe kwamba amekuwa mtu wa kutabirika: mechi za kabla alikuwa akishinda kwa mambo yale yale, hajaribu kwenda wavuni baada ya servisi, mipira mifupi kidogo tu. Njia laini haikumdai kitu kipya, na siku ya deni hakuwa nacho. Novemba, Torino, kwenye fainali ya mashindano ya kufunga mwaka, alimshinda Alcaraz 7-6, 7-5.

Hapa mjini hatuhitaji kwenda mbali. Muulize shabiki yeyote wa Mazembe, timu yetu ya soka, kama angependa Lupopo, mahasimu wao wa mji huu huu, ishuke daraja. Atasema ndiyo, kwa sauti kubwa. Kisha siku ya dabi uone nani wa kwanza uwanjani.

Basi ufanyeje? Mtafute aliye juu yako kidogo, si sana. Anayekufunga 6-3 anakufundisha. Anayekufunga 6-0 anafanya mazoezi yake tu na wewe ni ukuta. Na ujue kwamba mkali hana sababu ya kucheza na wewe, kwa hiyo mpe sababu. Hapa kopo la mipira mipya ni bei, kila mtu anajua. Fika nalo. Fika mapema, fagia mistari, mwagilia uwanja kama vumbi limezidi, okota mipira yote wewe. Mimi nilimrudia mashoto Septemba ile na makopo mawili na uso wa aibu. Aliyafungua, akanusa mipira kama mtu anayenusa mkate, akasema, "Kumbe homa ya mtoto imepona."

Usiwatupe walio chini yako pia. Nao ni zoezi, tena gumu, ila uwawekee mzigo: anza seti ukiwa nyuma 0-3, au ujinyime servisi ya pili. Mwili uzoee kupanda. Na uzoee kushinda anayetakiwa kushindwa, maana hilo nalo ni kazi, mzee wa reli ni shahidi.

Kwa wazazi nina moja tu, na halitawapendeza. Acheni kuja usiku kwa waandaaji na bahasha ili mtoto asipangwe na fulani. Nimeona mtoto wa miaka 13 akipitishwa hivyo mpaka nusu fainali, akakutana na mwenzake aliyepita kwa jasho, akaondoka uwanjani akitapika. Baba yake alimfokea mwamuzi. Mtoto hakurudi tena, na alikuwa na mkono mzuri, mzuri kuliko wangu.

Mashoto siku hizi anafanya kazi Kolwezi, mgodini, tumbo limemtangulia kidogo. Akija likizo hunitumia ujumbe mmoja tu, bila salamu. Wa mwisho ulifika juzi: "Siku ya posho, saa moja asubuhi. Mipira ni yako." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Nimeshanunua.