Jibu: CT ya tumbo (picha za eksirei za kompyuta), kwa nini mama apimwe figo kwanza?

Pole na mama, ndugu. Hospitali wanataka kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa ya kung'arisha picha ina iodini na hutolewa mwilini na figo. Kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, aseme mapema. Figo zikiwa dhaifu sana, madaktari huisimamisha kwa saa 48 baada ya kipimo. Dawa ya picha ikiingia mshipani atahisi joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, hata kudhani amejikojolea. Hajajikojolea, asione aibu. Ila mkono ukivimba na kuuma penye sindano, aseme hapohapo: dawa inavujia nje ya mshipa. Picha zenyewe ni dakika chache. Asipobana pumzi anapoambiwa, zinatoka na ukungu. Baadaye anywe maji, kama daktari hajamzuia.