Nilivyojificha Nyuma ya Karatasi ya Damu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Lamu aliniandikia kwamba amepimwa damu, homoni zake zimetoka sawa, na kwa hiyo amekwisha kumweleza mkewe kuwa tatizo la kukosa mtoto haliko kwake. Niliposoma nikaona haya, kwani ndiyo maneno niliyoyasema mimi kwa miaka minne, karatasi ikiwa mfukoni kama hati ya nyumba.

Miaka hiyo mke wangu alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, na kufukizwa ubani, na shangazi yangu akanishauri mbele yake nitafute mke wa pili. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Uzito niliouhisi kila jioni katika korodani ya kushoto niliudhani ni mwanzo wa busha, ugonjwa tunaoujua sana pwani hii, nikamficha hata mke wangu.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja wa Mombasa, aliyenisimamisha, akaniambia nibane pumzi na kujikaza, kisha akazipapasa vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, zilizojisokota juu ya korodani. Hiyo ndiyo varikoseli. Hutokea zaidi kushoto, ambako vena ya korodani ni ndefu na huingia katika vena ya figo kwa pembe mraba, hivyo damu hurudi chini na kutuama, ikaleta joto mahali panapotaka ubaridi. Wanaume wapatao 15 katika kila 100 wanayo na wengi wao huzaa, lakini miongoni mwa wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa hufika 35 hadi 40.

Nikamtolea karatasi yangu kwa majivuno. Akanieleza kwamba homoni ya FSH ni amri itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ikiziambia korodani zitengeneze mbegu: ikipanda sana, huashiria kuwa korodani zimedhoofika na amri inakaririwa kwa nguvu; lakini ikiwa ya kawaida, haithibitishi kwamba mbegu zinatosha wala kwamba zinakwenda. Testosteroni nayo, homoni ya kiume, hutengenezwa na seli nyingine kabisa, si zile zitengenezazo mbegu, na damu yake hutolewa asubuhi. Yangu ilitolewa alasiri! Akanionya pia nisidungwe sindano za testosteroni, kwa kuwa huzima utengenezaji wa mbegu, nami nilikuwa nimekwisha kuulizia bei.

Manii yalipopimwa, baada ya siku tatu za kujizuia, zilipatikana mbegu milioni 5 kwa mililita, ilhali kiwango cha chini katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni milioni 16. Upasuaji wa ile varikoseli siusimulii. Miezi mitatu baadaye, kwa kuwa mbegu huchukua siku 74 hivi kukomaa, zilikuwa milioni 18, na sioni aibu kusema kwamba nilitembea pwani nzima siku hiyo nikitabasamu peke yangu.

Wanaume wenzangu, pimeni manii. Pimeni kabla ya kumpeleka mke kwa yeyote, na mrudie mara ya pili, maana kipimo kimoja hakitoshi. Mwenye kunyamaza huku mkewe akisingiziwa amemdhulumu, hata kama hakutamka neno. Mtoto bado hatujajaaliwa, na mpaka leo mke wangu akinusa zafarani huondoka jikoni.

Yule kijana nilimwuliza jambo moja tu: karatasi ya manii iko wapi? Hajanijibu.